Mabango msibani Marekani: baba mfiwa alishindwa kesi kwa hoja ipi hasa?

Kipanga wa Pwani · #1

Wakuu, salaam. Mjadala wa uhuru wa kusema ukipamba moto, kesi ya Snyder dhidi ya Phelps haikosi kutajwa, na kila mara inasimuliwa nusu. Naiweka yote hapa tuijadili.

Kijana wa miaka 20, askari wa kikosi cha Marine, alifariki Iraq Machi 2006. Alizikwa tarehe 10 mwezi huohuo, ibada ikiwa katika kanisa Katoliki mjini Westminster, Maryland. Watu saba wa Westboro Baptist Church ya Topeka, Kansas, wakiongozwa na mchungaji Fred Phelps, wakasafiri hadi huko na mabango. Mungu ashukuriwe kwa wanajeshi waliokufa. Msiiombee Marekani. Papa yuko motoni. Imani yao ni kwamba Mungu anaiadhibu Marekani kwa kuwavumilia mashoga, hasa jeshini. Marehemu mwenyewe hakuwa shoga. Kwao hilo halikubadili kitu.

Baba yake, Snyder, alifungua kesi ya madai dhidi yao. Oktoba 2007 jopo la wananchi Baltimore likampa dola milioni 2.9 za fidia na milioni 8 za kuwaadhibu wadaiwa. Jaji akazipunguza za adhabu hadi milioni 2.1, jumla ikawa milioni 5. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikafuta yote. Tarehe 2 Machi 2011 Mahakama ya Juu ikasema mahakama ya rufaa ilikuwa sahihi, baba hapati hata senti.

Msimamo wangu nausema mapema: walikosea. Mfiwa hana pa kwenda. Hotuba ya mtaani ikikukera unageuza njia, lakini jeneza la mwanao huwezi kuligeuzia mgongo. Anayeona tofauti alete hoja.

Mtoni63 · #2

Mkuu, majaji tisa kwa sifuri, unabisha nini? Kijana alikufa vitani, vita ni siasa, na anayesema lolote juu ya vita anasema siasa. Imeisha hiyo.

Bi Mwanaisha · #3

Mtoni63, umeteleza mara mbili.

Hukumu ni nane kwa mmoja. Jaji Mkuu John Roberts aliandika ya wengi, Stephen Breyer akakubali lakini akaweka maelezo yake pembeni, na Samuel Alito akapinga peke yake. Na kijana hakuuawa vitani. Alikufa kwa ajali ya gari, akiwa kazini Iraq.

Kipanga, na wewe umeruka vipimo, na kesi nzima imesimama juu ya hivyo vipimo. Wale saba hawakuwa mlangoni mwa kanisa. Polisi waliwapa kipande cha ardhi ya umma kando ya barabara, futi 10 kwa 25, ndani ya uzio wa muda. Pigeni picha: mita 3 kwa 7 na nusu, watu saba wamebanana na mabango yao. Kutoka hapo hadi kanisani ni kama futi 1,000, yaani mita 300, na katikati kuna majengo. Walikaa dakika 30 kabla ya ibada, wakaimba tenzi na kusoma Biblia, kisha wakaondoka. Hawakufika makaburini.

Msafara wa mazishi ulipita futi 200 hadi 300 kutoka walipokuwa. Baba akaona ncha za juu za mabango tu. Kilichoandikwa alikisoma jioni, kwenye taarifa ya habari ya televisheni.

Nguzo Nne · #4

Shukrani Bi Mwanaisha, umetupa uwanja wa kusimama.

Sasa hoja ya Roberts. Aliuliza kwanza: maneno haya yanahusu jambo la umma au ni ugomvi wa mtu na mtu? Ukitaka kujua unatazama vitu vitatu kwa pamoja, yaani yaliyosemwa, namna yalivyosemwa, na mahali na mazingira yake. Mabango mengi yalihusu mwenendo wa taifa la Marekani, mashoga jeshini, kashfa za mapadri. Hayo ni mambo ya umma hata kama yamesemwa kwa ukatili. Na jambo la umma likisemwa mahali pa umma, Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kusema, yanalipa ulinzi wa juu kabisa.

Naye hakuficha kwamba maneno yale yaliumiza. Alikiri yanaweza kumtia mtu uchungu mkubwa, kisha akasema taifa lile limechagua kutomwadhibu msemaji kwa ajili ya uchungu huo. Unaweza kuuchukia uchaguzi wao, lakini usiseme hawakuuona uchungu.

Kipanga wa Pwani · #5

Nimekuelewa, Nguzo Nne. Vipi mabango mawili yaliyomlenga mtu moja kwa moja? Lipo lililosema "mnaenda motoni" na lingine "Mungu anawachukia". Hayo nayo ni sera ya taifa?

Chaurembo · #6

Kipanga, hapo umegusa mahali patamu, na umepagusa kwa Kiswahili bila kujijua.

Umeandika "mnaenda". Nani kakwambia ni "mna" na si "una"? Kwenye Kiingereza neno ni lilelile, mmoja na wengi. Bango halisemi ni wewe uliye ndani ya jeneza, nyinyi wazazi, au nyinyi Wamarekani wote. Roberts alisema hata tukikubali mabango hayo machache yalimlenga marehemu au familia, uzito wa maandamano yote kwa jumla bado ulikuwa mambo ya umma. Alito akasoma kinyume: mtu yeyote anayepita msibani na kuliona bango lile ataelewa anayesemwa ni yule anayezikwa.

Kwa lugha yetu mwandishi wa bango angelazimika kuchagua. "Unaenda motoni" ni shambulio kwa mtu mmoja, tena maiti. "Mnaenda motoni" ni mahubiri makali. Silabi moja ingempunguzia jaji kurasa kadhaa. Mimi naona Alito alikuwa karibu zaidi na msomaji wa kawaida, kwa sababu kiwakilishi huenda kinakoelekezwa, na siku ile kilielekezwa kwenye mazishi ya mtu mmoja.

Mtoni63 · #7

Bi Mwanaisha, nimekubali makosa yote mawili. Chaurembo, hiyo ya "una" na "mna" sikuwahi kuifikiria, heshima kwako.

Karani wa Masjala · #8

Wote mnaangalia hukumu. Angalieni faili.

Wiki kadhaa baada ya mazishi, mmoja wa binti za mchungaji aliweka andiko refu kwenye tovuti ya kanisa. Hilo halikuwa la taifa. Liliwataja wazazi kwa majina, likawalaumu namna walivyomlea mtoto, likamlaani mama na baba. Kama kuna ushahidi kwamba familia ililengwa, ni andiko lile. Jopo la Baltimore lililisikia.

Mawakili wa baba walipoomba kusikilizwa Mahakama ya Juu, maombi yao hayakuligusa. Roberts akaandika kwenye tanbihi ya kwanza kabisa kwamba kwa kuwa halimo kwenye maombi, na kwa kuwa maandishi ya mtandaoni yana maswali yake ya pekee, hataliangalia. Alito aliliangalia, akasema ni sehemu ya tendo lilelile na huwezi kulikata.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta uzi: baba alishindwa kwa kilichoachwa nje ya karatasi. Ukiacha hoja nje ya maombi ya rufaa ya mwisho, jaji hana wajibu wa kuiokota.

Nguzo Nne · #9

Karani, faili unalijua, lakini usilibebeshe zaidi ya linachoweza. Andiko lingeingia, majaji wale wanane wangelipima kwa kipimo kilekile: jambo la umma au la? Na andiko lenyewe limejaa laana kwa Kanisa Katoliki, jeshi na taifa. Lingebadilisha kura moja au mbili, sioni tano.

Karani wa Masjala · #10

Breyer alikwishaanza kuonyesha wasiwasi. Aliandika waziwazi kwamba hukumu haigusi matangazo ya televisheni wala mtandao, na kwamba ipo siku serikali itaweza kumlinda mtu dhidi ya maneno yanayomlenga. Huyo mmoja unampata. Wengine wanne ni ubishi wetu.

Dada wa Mikindani · #11

Naomba kuongeza maelezo ya tatu, maana naona mmebaki na mawili.

Hukumu ile imejengwa pia juu ya utii. Westboro waliwapa polisi taarifa mapema, wakasimama walipoambiwa, hawakupiga kelele, hawakutukana kwa matusi ya nguoni, hawakumgusa mtu. Roberts anayarudia mambo haya zaidi ya mara moja. Kiongozi wao alikuwa mwanasheria aliyefukuzwa uwakili Kansas mwaka 1979 baada ya miaka ya kesi za haki za weusi, na watoto wake kadhaa ni mawakili. Margie Phelps, binti yake, ndiye aliyesimama mbele ya majaji tisa tarehe 6 Oktoba 2010. Watu hawa wanajua mstari wa sheria uko wapi, wanasimama inchi moja nyuma yake.

Na hoja ya Kipanga kwamba mfiwa hana pa kwenda ina jina kwenye sheria yao: msikilizaji aliyenaswa. Mahakama inaitambua, lakini kwa uchoyo. Mwaka 1988 kwenye kesi ya Frisby dhidi ya Schultz, kutoka Brookfield, Wisconsin, walikubali mji upige marufuku waandamanaji wanaokwenda kusimama mbele ya nyumba ya mtu mmoja, kwa sababu nyumbani ndipo kimbilio la mwisho. Baba Snyder aliomba msiba uhesabiwe kama nyumbani. Roberts akakataa, akisema waandamanaji walikaa mbali na ibada na hawakuivuruga.

Hapo mimi na Kipanga tuko pamoja. Anayejua uchungu wa siku ya mazishi anajua mfiwa siku hiyo amenaswa kuliko mtu aliyekaa sebuleni kwake.

Mzee wa Ukerewe · #12

Maelezo ya nne na mimi niyaweke, kwa sababu hayajatajwa: hofu ya jopo la wananchi.

Dai kuu la baba lilikuwa kusababishiwa maumivu ya moyo kwa makusudi. Ili ushinde lazima uthibitishe mwenendo ulikuwa wa kuchukiza kupita mipaka yote. Nani anapima? Raia waliookotwa kuwa jopo. Nao watapima kwa ladha yao. Mwaka 1988 kwenye kesi ya Hustler dhidi ya Falwell mahakama ilishasema "kuchukiza" ni neno linalomruhusu mtu kuadhibu maoni asiyoyapenda. Fikirini jopo la mji ambao kila nyumba ina mwanajeshi linamhukumu anayepinga vita. Leo ni Westboro, kesho ni mama anayebeba bango la kulaumu serikali iliyompeleka mwanawe Iraq.

Hiyo ndiyo sababu chama cha kutetea haki za kiraia, ACLU, kiliwatetea Westboro kwenye haki ya kusema huku kikiyachukia wanayosema. Upande wa baba walisimama majimbo 48 kwa pamoja. Wote wakaangushwa.

Kipanga wa Pwani · #13

Maelezo manne sasa, na kila mwenye lake anaona ndilo. Basi nipeni la vitendo. Kama fidia imefungwa, familia inalindwa na nini?

Fundi Sheria · #14

Kipanga, nilikuwa nasubiri swali hilo. Familia inalindwa na futi na saa.

Fidia ni adhabu baada ya tukio, inayotegemea kilichosemwa. Sheria ya umbali inafanya kazi kabla, na haitaki kujua umesema nini. Maryland haikuwa na sheria ya namna hiyo siku ya mazishi ya 2006. Hukumu ilipotoka 2011 ilikuwa nayo, pamoja na majimbo mengine 43 na serikali kuu. Roberts alizitaja sheria hizo, lakini hakuamua kama zinasimama, maana hazikuwa mbele yake.

Ukitaka kuandika sheria isiyofutwa, mambo yanayoiua ni haya.

Kwanza kutaja maudhui. Ukiandika "maneno ya kumdhalilisha marehemu" umekwisha. Andika "maandamano yanayoelekezwa kwenye mazishi" bila kugusa ujumbe, ili bango la kusifu na la kulaani yapimwe kwa kamba moja.

Umbali usio na namba. Missouri walikuwa na sheria iliyokataza kuandamana "mbele ya au karibu" na mahali pa mazishi. Karibu ni wapi? Mwaka 2013 mahakama ya rufaa iliitupa hiyo, ikaibakiza ya akiba iliyotaja futi 300. Ohio walisema futi 300, saa moja kabla na saa moja baada, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikaipitisha. Mji wa Manchester, Missouri, ukapita na vipimo hivyohivyo mwaka 2012 mbele ya majaji wote wa mahakama ya rufaa. Futi 300 ni mita 91, kiwanja cha mpira kasoro kidogo.

Sasa kosa linalowanasa wengi: duara linalotembea. Ohio walitaka futi 300 ziufuate pia msafara wa mazishi barabarani. Jaji wa kwanza akalikata hilo, na jimbo halikulikatia rufaa. Sababu ni rahisi. Mtu amesimama kihalali kona ya barabara na bango lake la uchaguzi, msafara unapita, ghafla amekuwa mhalifu bila kusogeza mguu. Na hatajua njia ya msafara hadi aione.

Mwisho, kufagia wasiohusika. Kentucky 2006 walikataza mabango ndani ya futi 300 bila kuangalia kama mtu yuko kwenye uwanja wake mwenyewe, au kama waombolezaji wanaweza hata kumwona. Jaji wa wilaya akaizuia mwaka huohuo.

Sheria ya makaburi ya taifa ilitiwa saini na George W. Bush Mei 2006: dakika 60 kabla na baada, futi 150 kwa kelele na usumbufu, futi 300 kwa kuziba njia. Obama aliibana Agosti 2012: saa mbili kabla na baada, futi 300 kwa kelele, 500 kwa kuziba njia.

Bi Mwanaisha · #15

Fundi, umepanga vizuri mno, unapima kama anayekata kitambaa cha harusi. Ila kuna jambo watu watalipuuza: futi hizo zinaanzia wapi?

Sheria ya makaburi ya taifa inapima kutoka pale barabara au njia inapokutana na mpaka wa makaburi, na si kutoka kaburini. Ukianza kupima kaburini kwenye makaburi makubwa, mwandamanaji anaweza kukaa ndani ya uzio na bado akawa nje ya futi 300. Ukianza kwenye mpaka, makaburi ya katikati ya mji yanaweza kuziba mtaa mzima. Sheria nyingine zinasema "kutoka mahali ibada inapofanyika", hapo polisi wanabaki kubishana kama ni ukuta wa jengo au geti. Askari aliyeko zamu asubuhi ile anahitaji alama ya chaki chini kabla mtu yeyote hajafika. Hahitaji falsafa.

Mtoni63 · #16

Sasa turudi kwenye hesabu. Fundi anasema futi 300. Westboro walikuwa futi 1,000. Kwa hiyo hata sheria hizo zote zingekuwepo 2006, baba Snyder zisingemsaidia hata kidogo?

Fundi Sheria · #17

Mtoni, hapo umepiga kwenye mshono. Zisingemsaidia. Na bango lenyewe alilisoma kwenye televisheni, ambako hakuna futi.

Kipanga wa Pwani · #18

Basi ndugu zangu hiyo ndiyo hoja yangu tangu #1! Sheria ya umbali inalinda masikio siku ile. Jina la mtoto likishabandikwa kwenye habari za jioni, nani analilinda? Alito aliliona hili. Alisema Westboro wangeweza kuandamana popote Marekani, na siku hiyohiyo walifanya hivyo: walisimama pia mbele ya bunge la Maryland na chuo cha jeshi la majini mjini Annapolis. Msiba waliuchagua kwa sababu kamera hufuata uchungu. Walimtumia maiti kama jukwaa.

Nguzo Nne · #19

Na mimi nakujibu kama nilivyomjibu Karani: kuchagua mahali panapovuta kamera si kosa, ni kazi ya kila mwandamanaji duniani. Ukiliharamisha hilo hutabaki na maandamano yoyote yenye maana.

Pwani ya Luton · #20

Salaam kutoka Uingereza. Kuna mfano wa huku unaofaa hapa.

Machi 2009 kikosi cha wanajeshi waliotoka Iraq kilipita mitaani Luton kupokelewa. Kikundi cha watu kikasimama na mabango na kupaza sauti kuwaita wauaji. Polisi walikuwa wamewapa mahali pa kusimama, kama kule Maryland. Hata hivyo watano walitiwa hatiani chini ya kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma ya 1986, na mwaka 2011, mwaka uleule wa Snyder, Mahakama Kuu ikakataa rufaa yao. Neno "kutusi" liliondolewa kwenye kifungu hicho baadaye, lakini "matusi mazito" na "vitisho" vimebaki. Kumbukeni pia mchungaji Phelps na binti yake Shirley walikatazwa kuingia Uingereza mwaka 2009. Nchi mbili zenye asili moja ya sheria, majibu mawili.

Dada wa Mikindani · #21

Na kwetu, kabla mtu hajauliza. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kifungu cha 127, na ya Kenya kifungu cha 136, vinamtia hatiani anayewasumbua watu waliokusanyika kwa mazishi, kama ana nia ya kuumiza hisia zao au kuitukana dini yao. Vyote vimetoka kwenye kanuni ya India ya 1860, kifungu cha 297.

Tazameni tofauti. Vya kwetu havina futi wala saa, vina nia. Kamba ya kupimia hakuna, kuna moyo wa mtuhumiwa, na huo hupimwa na hakimu. Mzee wa Ukerewe aliogopa jopo linalopima kwa ladha. Je, nia inapimwa na nini?

Mzee wa Ukerewe · #22

Dada, umenibana, lakini nimebanwa kwa haki. Nia inapimwa kwa mwenendo: alikuja wakati gani, alisimama wapi, alipoombwa aondoke alifanya nini. Kwa vipimo hivyo Westboro wangeweza kuponyoka hata hapa, maana waliondoka kabla ya ibada kuanza. Ingawa hakimu wa kwetu akishaliona bango, sidhani angefika kwenye dakika.

Chaurembo · #23

Kuna ulinzi mmoja hamjautaja kabisa, nao hauhitaji bunge.

Oktoba 1998 Westboro walikwenda Casper, Wyoming, kwenye mazishi ya Matthew Shepard, kijana aliyepigwa hadi kufa kwa sababu ya ushoga. Mwaka uliofuata, wakati wa kesi ya waliomuua mjini Laramie, rafiki yake Romaine Patterson aliwapanga wenzake wavae mabawa ya malaika. Fremu za mabomba ya plastiki yale ya fundi bomba, juu yake mashuka meupe yaliyotandazwa, yanafungwa mgongoni na kupanda juu ya kichwa. Walijipanga kwenye duara mbele ya mabango, migongo kwa waandamanaji, hawakusema neno. Ukisimama upande wa pili unaona shuka jeupe tu.

Kwa wanajeshi kuna Patriot Guard Riders, waendesha pikipiki walioanzia Kansas mwaka 2005. Utaratibu wao ni mkali: hawaji bila mwaliko wa familia, wanasimama na bendera kubwa kati ya wafiwa na mabango, na hawajibizani na mtu. Wakijibizana wamewapa wale wa upande wa pili kamera wanayoitaka.

Maneno hujibiwa kwa maneno, wanasema Wamarekani. Hapa yalijibiwa kwa kitambaa.

Karani wa Masjala · #24

Na kwa muda wa redio. Januari 2011, baada ya mauaji ya Tucson, Westboro walitangaza kwenda mazishi ya mtoto wa miaka tisa. Bunge la Arizona lilipitisha sheria ya futi 300 kwa siku moja. Lakini kilichowaondoa kwenye mazishi ya mtoto ni kituo cha redio kuwapa nafasi ya kuzungumza hewani. Hilo linampa nguvu Kipanga: walichotaka ni kipaza sauti.

Mtoni63 · #25

Nimesoma mahali kwamba baba aliamriwa kuwalipa Westboro ada za mawakili. Hiyo ni kweli? Kama ni kweli ni msumari juu ya kidonda.

Fundi Sheria · #26

Nusu kweli. Mwaka 2010, kesi ikiwa bado njiani, aliamriwa kulipa dola 16,510. Hizo ni gharama za kesi, yaani uchapaji wa majalada na nakala. Ada za mawakili ni kitu kingine, na mtangazaji wa televisheni Bill O'Reilly alijitokeza akasema atazilipa gharama hizo yeye.

Ada zinaingia upande mwingine, na ndizo zinazowatisha madiwani. Mji ukitunga sheria mbovu ya umbali, Westboro wakaushtaki kwa kuvunja haki ya kiraia na kushinda, sheria ya 1976 inamruhusu jaji kuuamuru mji ulipe mawakili wa mshindi. Mji wa watu elfu chache unaweza kutoa mamia ya maelfu kwa sababu ya neno "karibu". Ndiyo maana nasisitiza kamba na saa.

Bi Mwanaisha · #27

Fundi, kamba ni ya wote? Nebraska walipandisha hadi futi 500, na Westboro wakashtaki kwa mazishi ya mwanajeshi mmoja Omaha mwaka 2011. Moja ya hoja zao: wenye bendera waliachwa karibu, sisi tukasukumwa mbali, kwa hiyo sheria inachagua ujumbe. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliwakatalia.

Nguzo Nne · #28

Hiyo ndiyo inayonikosesha raha hata mimi ninayeunga mkono hukumu ya Snyder. Mwenye bendera yuko futi 50 na yuko sawa, kwa sababu hakuja kupinga mazishi, amealikwa. Mwenye bango yuko futi 499 na ni mhalifu. Tunasema sheria haiangalii ujumbe, lakini askari anajuaje nani anapinga bila kusoma kilichoandikwa?

Dada wa Mikindani · #29

Anamwuliza mwenye msiba, Nguzo. Nani umemwalika, nani hukumwalika. Hapo hajasoma bango la mtu.

Nguzo Nne · #30

Njia ya umma haina mwenye msiba, dada. Mfiwa akipewa mamlaka ya kuchagua nani asimame barabarani, tumerudi kwenye ladha ileile aliyoikataa Mzee wa Ukerewe kule #12.

Kipanga wa Pwani · #31

Kwa saa chache, kwa mita 91, mpeni. Ndiyo maisha yake yote yatakavyoikumbuka siku ile.